Karakana isisubiri matokeo

Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, wilayani Ilemela, Mwanza. Imeandikwa kama ilivyosemwa, salamu ndefu zikipunguzwa.

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, viongozi wa mtaa, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao ndio wenye siku yenu: mwangaluka! Mmeitika vizuri. Itifaki naomba ihesabike kuwa imezingatiwa, maana jua linapanda na upande ule wa kushoto hakuna turubai.

Nimeisikiliza risala yenu kwa makini. Mmeomba uzio, mmeomba kompyuta, mmeomba matundu ya vyoo, na nimemwona Mwenyekiti wa Bodi akiandika. Halafu msomaji akataja ndoto za wahitimu: madaktari, wanasheria, marubani, wahasibu, na mmoja anautaka ubunge. Nikawa nasubiri. Darasa zima hili, hakuna hata mmoja aliyesema anataka kuwa fundi. Na mgeni rasmi mliyemwalika ni fundi wa friji na vyumba vya baridi!

Siwalaumu. Mmesema mlichokisikia nyumbani. Mzazi akitaka kumtisha mtoto asome anamwambia, "Ukifeli nakupeleka VETA." Nimelisikia sokoni, nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia nje ya kanisa watu wakisubiriana baada ya ibada. Mtoto anakua akijua VETA, yaani chuo cha ufundi stadi, ni adhabu, na fundi ni mtu aliyeitumikia adhabu hiyo mpaka akaizoea. Friji ikigoma fundi anapigiwa simu usiku, anakaribishwa chai, anaitwa "mtaalamu wetu". Akishatoka getini, mtoto anaambiwa asome sana asije akawa kama yule.

Ombi langu ni moja. Mwanafunzi anayeupenda ufundi aanze kuingia karakana akiwa bado darasani, tangu kidato cha tatu, kwa maandishi, shule ikijua. Asisubiri mpaka matokeo yamwangushe ndipo tumtafutie gereji ya kumpokea.

Tuutazame mji wetu kidogo. Sangara akitolewa majini anaanza kuharibika saa ile ile. Kutoka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, mpaka kiwandani anaishi kwa barafu. Kiwandani minofu inagandishwa na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na ikipanda joto njiani mnunuzi wa Ulaya hana haja ya kusikia kwamba kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kupoza, ilikuwa inasumbua. Pale Bandari ya Mwanza Kusini imeundwa MV Mwanza, urefu wake mita 92.6, abiria 1,200, mizigo tani 400. Watu wanapiga nayo picha. Mimi nikiiona nawaza majokofu yake, viyoyozi, pampu na jenereta: nani atavishika miaka 30 ijayo? MV Victoria ilianza kazi ziwani 1961, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi kwenye njia yake ya Bukoba. Meli ikizeeka ndiyo inataka mafundi zaidi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Reli ya kisasa inajengwa kati ya hapa na Isaka. Vyote hivyo tumevishangilia, na vyote vitaharibika, kwa sababu kila chenye mota huharibika.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi mnadhani kutengeneza friji ni kujaza gesi.

Mteja analeta friji anasema, "Mama, asubuhi inapoza, mchana inaacha, jioni inapoza tena." Fundi wa kubahatisha anaongeza gesi. Siku mbili tatu inapoza, kisha ugonjwa unarudi, anaongeza tena, mteja analipa tena. Gesi haikuwa na tatizo. Aliyeifungua friji ile mara ya kwanza alichomea bomba akajaza gesi bila kuvuta hewa kwanza, na filta inayonyonya unyevu hakubadilisha. Ndani kukabaki unyevu. Unyevu unazunguka pamoja na gesi mpaka mwisho wa kapilari, kile kibomba chembamba ambacho tundu lake halipitishi hata njiti ya kiberiti. Hapo ndipo baridi inapoanzia. Unyevu unaganda, unaziba njia, friji inaacha kupoza. Baridi ikipungua barafu inayeyuka, njia inafunguka, friji inapoza tena. Tone moja la maji linaweza kuwagombanisha fundi na mteja mwezi mzima.

Dawa yake ni pampu ya vakyumu. Unaifunga kwenye mfumo, unavuta, unaangalia geji, kile kipimo cha mgandamizo, ikishuka, unaiacha iendelee kuvuta hata baada ya geji kutulia. Kila kijana anayeanza ananiuliza swali lile lile: maji yatatokaje humo ndani na hakuna moto? Nikifika hapo namrudisha kwa mwalimu wake wa fizikia. Kitabu kinasema maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ni kweli, ukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Sisi huku ziwani tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa umepungua, na sufuria ya mama yako inachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Endelea kuupunguza mgandamizo, maji yatachemka kwa joto la chumba tu. Pampu haifanyi uchawi wowote. Inayachemsha maji yaliyojificha kwenye bomba na kuyatoa yakiwa mvuke.

Mwanafunzi aliyefundishwa jambo hili Jumatano darasani na Jumamosi akaliona kwenye geji, halimtoki maisha. Aliyelisikia darasani peke yake ataliandika kwenye mtihani na kuliacha humo. Aliyeliona karakana peke yake atavuta vakyumu kwa sababu fundi alimwambia, na siku fundi hayupo, mteja ana haraka, ataruka hatua hiyo. Vyote viwili vinatakiwa, na vinatakiwa kwa wakati mmoja, kichwa kikiwa bado kina maswali.

Kuna sehemu ambapo kutojua hakuishii kwenye kugombana na mteja. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi iliyoandikwa R600a. Hiyo ni isobyuteni, ya jamii moja na gesi ya kupikia, nayo inawaka. Fundi aliyezoea R134a, ambayo haiwaki, anawasha moto wa kuchomelea bila kusoma kibandiko kilichoko nyuma ya friji. Kwenye mitambo mikubwa ya barafu mara nyingi utakuta amonia. Amonia ikikutana na unyevu inakula shaba, ndiyo maana mabomba yake ni ya chuma, na ikivuja kwa wingi inaua. Kijana ambaye mikono yake imezoea bomba za shaba za friji za majumbani, ukimwingiza kule bila kemia, umemweka yeye na wenzake hatarini. Kwa hiyo sikubaliani na mafundi wenzangu wanaosema shule haimsaidii fundi. Nawaheshimu, wengine wamenizidi umri na kazi, lakini hilo hapana. Kemia ya kidato cha tatu ingewaepusha baadhi yao na makovu waliyonayo.

Wenzetu wa Uswisi wamelipanga jambo hili kwa miaka mingi. Kule karibu theluthi mbili ya vijana wakimaliza elimu ya lazima, wana miaka 15 au 16, wanaingia kwenye uanagenzi. Siku tatu au nne za wiki wako kazini, moja au mbili wako shule. Inachukua miaka mitatu au minne, wanalipwa kidogo mwanzoni na kuongezewa kila mwaka, na wanatoka na cheti kinachokubalika nchi nzima. Anayetaka kuendelea na elimu ya juu anaongeza masomo na njia iko wazi. Na siyo spana peke yake. Sergio Ermotti, ambaye amekuwa mkuu wa benki ya UBS, alianzia kwenye uanagenzi wa benki pale Lugano akiwa kijana. Nimemtaja makusudi, kwa ajili ya wazazi wanaotaka mtoto wa kufunga tai.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Bwiru Wavulana iko hapa hapa Ilemela, ni sekondari ya ufundi ya miaka mingi, na Musoma iko nyingine. Wazee wengine mliokaa hapa mna vyeti vya tredi testi, ile mitihani ya ufundi, daraja la tatu, la pili, hata la kwanza, mmevitunza kwenye mifuko ya nailoni pamoja na hati za viwanja. VETA imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Imeshawahi kuendesha uanagenzi pacha kwa kushirikiana na Wajerumani wa Hamburg, mwanafunzi akigawa muda wake kati ya chuo na kampuni. DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ina kampasi hapa Mwanza inayojulikana kwa mambo ya ngozi. Na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, mtoto anasoma masomo ya jumla pamoja na fani.

Ila shule zenye mkondo huo bado ni chache, na hii yetu haimo. Tukisubiri jengo la karakana likamilike, mashine ziletwe na mwalimu wa fani aajiriwe, mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo atakuwa ameshaoa. Karakana zimejaa Nyakato, Igoma, Buzuruga, mpaka Kirumba. Kinachokosekana ni makubaliano.

Na hapa wazazi naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna uanagenzi, halafu kuna utumwa wa spana. Mnaujua. Kijana anapelekwa gereji na mjomba wake, hakuna karatasi. Mwaka wa kwanza anaosha vifaa, anafua overoli, anatumwa chai na chapati. Mwaka wa pili anabeba kompresa. Kazi ikifika pale penye siri, fundi anamwambia, "Hebu kaninunulie vocha." Akirudi imeshafungwa. Wapo vijana wameingia kwenye banda wakiwa na miaka 16, leo wana 25, na geji hawajawahi kuishika kwa mikono yao. Fundi anaogopa kwamba akimfundisha, kijana atafungua banda lake ng'ambo ya barabara. Hofu hiyo si ya bure. Mimi pia wamenifungulia jirani. Wawili nawapa kazi zikinizidi, wa tatu hanisalimii.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamkataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, kiwandani, kwenye chombo cha majini na mahali pengine penye hatari. Sheria hiyo hiyo imeacha mlango kwa ajili ya mafunzo: sheria zinazosimamia mafunzo zinaweza kumruhusu mtoto awe kiwandani kama kazi ile ni sehemu ya kujifunza kwake. Kwa hiyo mtu akikuta mwanafunzi karakana kwangu na kuuliza anafanya nini, lazima niwe na cha kumwonyesha. Nikisema tu "huyu ni kijana wangu", sijajibu kitu.

Cha kumwonyesha ni mkataba wa pande tatu: mzazi, shule na fundi. Uwe wa ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Uonyeshe siku: Jumamosi na sehemu ya likizo, siyo siku za masomo, siyo usiku. Uonyeshe atakachojifunza na kwa mpangilio upi. Kwangu mimi mtoto anaanza kukata bomba na kutanua mdomo wake, kisha kutafuta mvujo kwa povu la sabuni, kisha kuchomea, kisha vakyumu, na gesi ndiyo ya mwisho. Umeme wa friji anaujifunza pembeni, relei na kapasita, swichi ikiwa imezimwa na plagi imetolewa. Awe na daftari, kila hatua anayoiweza fundi anasaini, na mwalimu analipitia mara kwa mara. Miwani na glavu viwepo. Nauli na chakula cha mchana ni juu ya fundi. Akiharibu kifaa akiwa anajifunza, gharama si ya mzazi. Hili la mwisho mafundi wenzangu hawalipendi, lakini ukimtoza mtoto kila kitu anachovunja, ataogopa kushika, na asiposhika hajifunzi.

Ukikuta fundi anadai ada kubwa na hataki kuandika atafundisha nini, mshike mtoto wako mkono muondoke.

Lile daftari lina kazi nyingine. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia nje ya mfumo rasmi na kumpa cheti. Mafundi wa mtaani wengi wamepita humo. Kijana mwenye daftari lililosainiwa anajua mwenyewe aliwahi kufanya nini na bado hajafanya nini kabla hajakaa mbele ya mpimaji.

Wahitimu, sasa ni zamu yenu. Mtihani ni Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Hesabuni wenyewe. Wengine mtapelekwa prifomu faivu, wengine mtakaa na simu mpaka bando limwishe mzazi. Muda huo haukufanyi kuwa fundi, nani atakudanganya? Unatosha kujua kama kazi unaiweza na unaipenda, na kuchomea bomba lisilovuja. Ukichaguliwa kidato cha tano, nenda, tena utaisoma fizikia ukiwa umeshaigusa. Usipochaguliwa utaingia VETA ukijua umefuata nini. Sasa hivi wengi wanafika pale wanauliza fani gani bado ina nafasi, na kama iliyobaki ni ushonaji, basi ushonaji, moyo hauko. Na msishangae mkikutana humo na wenye digrii zao. Wamerudi kutafuta cha kushika.

Mabinti naona mnachekeana. Karibu kila wiki napokea simu: "Shikamoo mama, naomba kuongea na fundi." Namjibu marahaba, unaongea naye. Kimya kidogo. "Samahani, namaanisha fundi mwenyewe." Nimeshazoea, na wengine nawaongezea bei kidogo kwa usumbufu. Kompresa ni nzito, kweli. Ni nzito kwa wanaume pia, ndiyo maana karakana ina toroli. Ila kina mama mnaoogopa kumpeleka binti kwenye banda la wanaume, mna haki ya kuogopa na sitawaambia mjikaze. Nendeni mkalione kwanza. Kama halina choo, hakuna pa kubadilishia nguo, wala mtu mzima wa kuwajibika, msimpeleke, hata kama fundi ni shemeji yenu.

Kuhusu pesa, maana najua ndilo swali. Ufundi hauna mshahara wa tarehe 25. Kuna wiki za joto ambapo nakataa kazi, na kuna wiki za mvua nakaa nasafisha vifaa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kesho yake simu haipumziki. Anayetaka uhakika wa kila mwezi aombe kazi viwandani, kwenye meli, kwenye mahoteli, wanaajiri mafundi wenye cheti. Mwenye cheti na mikono anachagua. Mwenye kimoja tu anachaguliwa.

Tumeongea na mafundi wenzangu wachache, wa kuchomelea, wa umeme wa magari na wa injini za boti. Tumekubaliana kuanza na wahitimu wa mwaka huu, halafu kidato cha tatu wa mwakani wakifungua shule. Kwangu nitachukua wanne, na wawili kati yao lazima wawe mabinti. Mkuu wa Shule ameridhia na fomu ziko kwa mwalimu wa taaluma. Mzazi aje mwenyewe kusaini, asitume kaka wa mtoto. Sitaki kumwona mhitimu yeyote karakana kabla hajamaliza karatasi yake ya mwisho ya mtihani. Siku ya kwanza aje na viatu vinavyofunika vidole, ndala tutazirudisha nyumbani pamoja na mwenyewe, na daftari kubwa la kurasa nyingi. Overoli nitatoa mimi.

Asanteni kwa kunisikiliza.